Hema Lilikuwa Moja, Nami Nikasema Huyu Dereva

Nianze na hili: hakuna aliyenilazimisha. Sikulewa, sikurogwa, sikushikiwa kisu. Kwa kinywa changu hiki, mchana kweupe, katikati ya majabali, nilimkana mume wangu wa ndoa. Ukitaka kunicheka nicheke sasa, mwenzangu, maana huko mbele huenda ukanichukia.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Niko Dubai, nauza mabuibui katika duka moja Al Mankhool. Mume wangu, nimwite Athman, ni mtu wa Lamu na ni dereva. Anaendesha basi la kampuni: asubuhi anawapeleka wafanyakazi Al Quoz, jioni anawarudisha. Tunaishi Discovery Gardens, flati moja na wenzetu, kila mtu na chumba chake, jiko la wote.

Sasa nikuulize, hapo kuna aibu gani? Hakuna! Kazi ya halali, mume wa halali, chumba kina kiyoyozi. Lakini mimi nilikuwa nasimama kutwa nikiwafunika mabega wanawake wanaoshuka kwenye magari yenye thamani ya mtaa wetu mzima, na moyo ukaanza kujidanganya kwamba nami ni mmoja wao, ila nimechelewa kidogo.

Mwenye duka ni mama wa Kiunguja, nitamwita Bi Zuhura. Watu wake walihamia huku zamani, wajukuu zake Kiswahili wanakisikia tu, wanajibu kwa Kiarabu. Mbele ya wateja tunamwita madam. Tukiwa peke yetu ni Bi.

Siku za mwanzo mwanzo aliniuliza, "Mumeo afanya kazi gani, mwanangu?"

Nikasema, "Injinia, Bi. Yuko Abu Dhabi, huja mwisho wa wiki."

Walahi lilitoka lenyewe! Hata mimi nilishtuka kulisikia. Lakini Bi alitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaona ah, limemdhuru nani?

Ubaya wa uongo ni kwamba unataka kulishwa. Athman alipotaka kunipitia dukani, nikamwambia madam hapendi kuona wanaume mlangoni, duka ni la wanawake. Akaamini, maskini. Akawa ananingoja ng'ambo ya barabara, kwenye kafeteria ya chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, na mimi natoka nikizubaa kidogo mpaka wenzangu watangulie. Bi Zuhura hakuwahi kumtia machoni.

Na hapo ndipo Bi akaninong'oneza kwamba anafungua duka la pili, na anataka mimi nilisimamie. Mimi! Nikalala naota kiti cha kuzunguka.

Sasa, huyu Athman ana wazimu mmoja: milima. Msimu wa baridi ukiingia, yeye na madereva wenzake huenda huko kwenye mabonde ya mawe, wanapiga hema, wanapika, wanarudi wananuka moshi wakijiona mashujaa. Kila mwaka ananiambia, "Wewe umeiona Dubai ya vioo tu. Siku moja nitakupeleka uione nchi yenyewe."

Mwaka huu, kwa kumbukumbu ya ndoa yetu, akasema siku imefika. Akaomba ruhusa kazini, akaazima gari la kupanda milima kwa rafiki yake Mpathani, mtu wa Pakistani, akanunua hema, makaa, na samaki wa kupaka kwa nazi kama kwao. Mimi nilikuwa nataka hoteli! Nilitaka meza yenye kitambaa cheupe na mtu wa kunipiga picha. Nilifunga begi kwa kununa. Nilitia viatu vya visigino, kwenda kwenye mawe.

Tukaondoka. Mji ukaisha, mchanga ukawa mwekundu, kisha ghafla yakaanza majabali. Hayana mti, hayana nyasi, mawe matupu ya rangi ya kahawa na kijivu. Tukaacha lami tukaingia kwenye wadi, korongo kavu ambalo mvua zimelichimba tangu dunia kuumbwa. Kuta za mawe zimesimama huku na huku, mbingu imebaki utepe tu juu ya vichwa vyetu.

Athman alikuwa mtu mwingine huko. Nyumbani hasemi sana, huko hanyamazi! "Tazama jiwe lile, limekunjwa kama mkeka. Hema tutalipiga pale juu, si chini. Mvua ikinyesha mlimani, maji hapa huja bila hodi. Na kesho nitakupeleka kwenye bwawa, maji ya kijani, katikati ya majabali. Huamini? Kesho utaniambia." Alikuwa anajisifu kidogo, kama kwamba mawe yale aliyapanga yeye.

Nami nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo! Kununa kuliisha bila kujijua. Upepo ulikuwa wa baridi, akanivalisha koti lake. Tulipiga hema pamoja, likaanguka, tukacheka, tukalisimamisha tena likiwa limeinama upande. Akavua shati akabaki na fulana, akafunga kikoi, akachutama kwenye makaa akiyapepea kwa mfuniko wa sufuria. Nikamtazama nikasema moyoni, mume ninaye.

Basi hata sijalimaliza wazo hilo, nikasikia magari.

Yalikuja mawili, makubwa, meusi, yanapanda yale mawe kama yanatembea sebuleni. Yakasimama karibu nasi. Wakashuka watu, mahema, mazulia, mito, majiko ya gesi, mbuzi mzima aliyekwisha kukolezwa viungo. Na kutoka kiti cha mbele akashuka mama mmoja na miwani ya jua, akanitazama, akaivua.

"Aa! Si wewe huyu?"

Bi Zuhura! Nchi yote hii, mabonde yote haya, na yeye na mwanawe na mkwewe na wajukuu wa kike wamekuja kwenye bonde langu!

Nikaenda kumshika mkono, nikamwamkia. Nilikuwa nimevaa koti la mwanamume linalonifika magotini.

"Hivi mumeo yuko wapi, nimwamkie? Injinia wetu!"

"Abu Dhabi, Bi. Kazi zimembana."

Akageuka kumtazama mtu aliyechutama na fulana, uso umejaa moshi. "Na huyu?"

Mwenzangu, pale palikuwa na nafasi. Sio kwamba sikupata nafasi! Palikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi, kufikiri, na kusema neno moja la kweli. Mimi nikafikiria duka la pili.

"Huyu dereva," nikasema.

Ule mfuniko ukaacha kupepea. Athman akainua kichwa, tukatazamana. Kitu alichokuwa nacho usoni sikukijua jina; hakikuwa hasira, hasira ilikuja baadaye. Kisha akainuka taratibu, akajipangusa mikono kwenye kikoi, akaja.

"Shikamoo, Bi. Mimi ndiye dereva wa madam."

Wa madam! Yeye ndiye aliyenifundisha kula kaa kwa mikono!

Na hapa ndipo nilipojua kwamba mtu mwongo hatakiwi kuwa na haraka. Maana Bi Zuhura hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anatazama hema. Akalizunguka kwa macho. Mlango ulikuwa wazi, ndani godoro moja na mito miwili.

"Hema moja," akasema. Hakuuliza. Alisema tu.

"Yeye hulala garini, Bi."

"Na mito miwili?"

"Mmoja... wa miguu."

Ya Rabi! Wa miguu! Yaani nilikuwa nimekimbia aibu ya kuwa mke wa dereva, nikaangukia kwenye aibu ya kuwa mke wa injinia anayelala milimani na dereva. Ningekaa nikaitafuta njia ya kujivunjia heshima kwa makusudi, nisingepata iliyo nzuri kuliko hiyo.

Bi akanishika mkono, kwa upole ambao ulinichoma. "Utalala kwetu, na wajukuu. Haifai."

Nami mpumbavu nikashukuru! Nikadhani nimeokoka! Athman mwenyewe akanibebea begi mpaka kwenye hema lao, akaliweka chini, akainamisha kichwa. "Kuna lingine, madam?" Wajukuu wakamwona ana adabu sana.

Wakampelekea sahani ya mbuzi kule kwake. Naye akatuletea samaki wake mzima kwenye sinia, yule wa kumbukumbu ya ndoa yetu. Tukamla mimi na Bi na mkwewe, kila mtu anasifu.

"Dereva wako ajua kupika," Bi akasema. "Kajifunza wapi?"

"Kwao Lamu. Mama yake ndiye aliyemfundisha."

"Na wewe wayajua mambo ya mama yake."

Nikachambua miba.

Baada ya magharibi nilimwona Bi akinyanyuka na kwenda kwa Athman. Nikajifanya natafuta kitu kwenye gari, nikasimama nyuma ya mlango nikisikiliza.

"Mwanangu," Bi akamwambia, "wewe una mke?"

"Ninaye, Bi."

"Yuko wapi?"

"Yuko papa hapa Dubai. Ila leo hanijui."

"Basi mche Mungu, mrudie. Wewe kijana una adabu zako, usijiharibu. Mke wa mtu sumu."

Athman akageuza makaa, akasema, "Nimeanza kuionja, Bi."

Nilitakiwa kutoka pale. Nilitakiwa kutoka nyuma ya ule mlango nipige kelele, Bi, huyu unayemkataza mke wa mtu, mtu mwenyewe ndiye yeye! Sikutoka. Nikarudi kwa wajukuu, wakanionyesha video za paka.

Asubuhi nilipotoka, hema letu lilikuwa limekwisha kung'olewa na kukunjwa. Athman akaniletea chai kwa mikono miwili. "Chai, madam."

Nikamnong'oneza, "Athman, nisamehe. Nitakueleza yote."

Akajibu kwa sauti ya kusikika, "Yalla, madam, wenzako wanakungoja."

Walikuwa wanakwenda kwenye bwawa lile lile la kijani. Bi akanifungulia mlango wa gari lake. "Panda kwetu. Dereva atatufuata."

Nikapanda. Nisikilize hapa, maana watu wengi husema kosa langu ni lile neno la jana. Hapana! Neno huponyoka. Lakini kupanda gari ni kazi: unainua mguu, unashika mlango, unakaa, unafunga mkanda. Yote hayo niliyafanya mume wangu akinitazama.

Alitufuata kwa muda. Nilikuwa namwona kwenye kioo cha pembeni, yeye na lile gari la Mpathani, na vumbi letu lote linamwingia yeye. Tukafika penye njia panda, kushoto bwawa, kulia barabara kuu ya kurudi mjini. Sisi tukashika kushoto. Athman akapiga taa mara moja, akashika kulia.

Mtoto wa Bi akafunga breki. "Mama, dereva ametoroka na gari!"

"Gari la nani?" Bi akaniuliza. "La mumeo?"

Mwanawe alikwisha kutoa simu. Polisi! Na polisi wa huku hawachelewi! Nikamwona Athman amesimamishwa barabarani kwa wizi wa gari aliloazima, kwa ajili ya mke aliyemwazimisha yeye mwenyewe kwa watu. Nikamshika yule kijana mkono, mwanamume si maharimu yangu, sikujali.

"Usipige! Nimempa ruhusa mimi!"

Bi akageuka nyuma akanitazama. "Umempa ruhusa saa ngapi? Hamkusema neno."

Nikajifanya natengeneza mkanda wa kiti.

"Aa," akasema polepole. "Kumbe mwaelewana kwa macho."

Bwawa nililiona. Ni kweli, maji ni ya kijani, majabali yamelizunguka, hata sauti ya mtu hurudi ikiwa nzuri zaidi. Wajukuu wakanipiga picha. Ninayo mpaka leo, na ndani yake ninacheka. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa, wala hakuna ninayeweza kumwonyesha.

Mchana tukarudi mjini. Nikasema niteremsheni popote, nitachukua teksi. Bi akasema, "La. Wewe ni amana. Nitakukabidhi kwa mumeo, mkono kwa mkono."

"Yuko Abu Dhabi, Bi."

"Leo Jumapili. Mume gani haji kwake Jumapili? Tutamsubiri."

Discovery Gardens, ngazi zile, mlango ule. Nje ya mlango viatu vya flati nzima vimelala chungu nzima, na Bi nilikuwa nimemwambia kwamba tunakaa peke yetu.

"Mna wageni?" Bi akauliza.

Kabla sijatunga lingine, mlango ukafunguliwa. Athman, ameoga, kikoi safi, kitambaa cha vyombo begani.

Bi Zuhura alipiga hatua nyuma. "Wewe! Mpaka ndani?"

Na huko jikoni, mama wa Kiganda tunayeishi naye akapaza sauti bila hata kutoka: "Athman, kama ni mkeo mwambie chumvi yangu aimalize yote, si kuniachia nusu!"



Bi akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mkeo?"

Athman hakunisaidia. Alisimama tu pale mlangoni. "Muulize yeye, Bi. Mimi jana nilikuwa vile alivyosema. Leo pia nitakuwa atakavyosema."

Nikalia. Nikasema, "Ni mume wangu, Bi. Hakuna injinia. Hajawahi kuwapo." Nilisema huku nimeshika ukuta, na majirani wa mlango wa pili wamechungulia.

Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alivaa miwani yake humo humo ndani ya jengo, akamwambia Athman, "Nisamehe, mwanangu, kwa maneno ya jana."

"Yalikuwa maneno ya kweli, Bi," akamjibu.

Duka la pili sikupewa. Bi aliniita baada ya siku kadhaa, mlango umefungwa. Akasema, "Sikunyimi kwa udereva wa mumeo. Babangu mie alikuwa mchukuzi wa bandarini. Lakini mtu akimkana mumewe kwa sahani ya mbuzi, mie atanikana kwa nini? Khalas, rudi kwenye mabuibui yako." Nimerudi. Bado nimeajiriwa, na hilo pia ni kwa huruma yake.

Ila mkwewe alikuwa amekwisha kutuma sauti kwa marafiki zake kabla hata hatujafika mjini. Sasa sikiliza uhondo wenyewe! Wanaonijua dukani wanasema nina mume injinia na hawara dereva. Ukweli uliwafika baadaye, lakini nani anataka ukweli akiwa na hadithi tamu? Na wale wanaomjua Athman kwamba ndiye mume wangu, wao wamesikia habari za injinia. Shangazi yangu amenipigia kutoka Mombasa: "Mwanangu, huyo injinia wa Abu Dhabi ni nani?" Hivyo nina wanaume wawili mjini, kumbe wote ni mmoja, na huyo mmoja alikuwa hanisemeshi.

Alipokuja kunisemesha, nilimwuliza, "Kwa nini hukusema pale pale?"

"Nikutie uongoni mbele ya mwajiri wako? Nilingoja useme mwenyewe." Kisha akaongeza, maana si malaika huyu, "Na nisikufiche, nilikukomoa pia. Ulipopanda lile gari nikasema, mwache apande."

"Ningesema, Athman. Nilikuwa naogopa."

"Udereva mimi siuonei haya," akasema. "Nilikuwa sijui tu kwamba wewe unanionea mimi."

 

Hakuniacha. Watu huuliza hilo kwanza. Lakini amekwenda likizo Lamu peke yake, na safari hii hakuniuliza nampelekea mama yangu Mombasa nini, jambo ambalo hajawahi kulisahau. Ananipigia, ananiuliza hali, ananiambia mvua zimenyesha, kisha anasema "Haya," anakata simu. Anatua wiki hii. Nimeomba ruhusa kazini, na Bi amenipa bila kuuliza naenda kumpokea nani. Kumpokea nitampokea; nikifika mbele yake nitaanza na neno gani, hapo ndipo sijui.

Dada yangu unayesoma haya, wewe ambaye ukiulizwa mumeo anafanya kazi gani unatafuta jibu hewani, usitafute! Kama ni mlinzi, sema mlinzi. Kama anasukuma toroli, sema anasukuma toroli. "Dereva" na "mume wangu" ni maneno yanayokaa pamoja katika sentensi moja bila kugombana, nami nimegharimika sana kulijua jambo la bure kama hilo.